Kabla ya Kuling'oa, Uliza Jina Lake



Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilipita nyuma ya kanisa letu nikawakuta vijana wa parokia katika salongo. Walifanya kazi kwa moyo mkunjufu: hawa wakilima, hawa wakifagia, wale wakibeba takataka huku wakiimba. Ilipofika saa nne ya asubuhi uwanja wote ulikuwa mwekundu, safi, hauna hata jani moja. Pembeni palikuwa na rundo la majani lenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, na kijana mmoja alikuwa akitafuta kiberiti.

Nilisimama kando ya rundo lile nikalitazama. Ndani yake niliona lengalenga ya pori, changa na laini, ambayo ingetosha kuwa mboga ya jioni kwa nyumba kadhaa. Niliona mnavu. Niliona matawi ya titonia, ule mmea wenye maua ya njano yanayofanana na alizeti ndogo, uliojaa kando ya barabara zetu. Niliona majani ambayo watoto wangaliweza kuwapelekea simbiliki wao kwa siku tatu. Nikawauliza vijana, "Mnachoma nini?" Wakanijibu, "Magugu, Mwalimu." Nikauliza tena, "Magugu gani? Yanaitwaje?" Wakatazamana. Walikuwa vijana ishirini na watatu. Wawili tu waliweza kutaja jina la mmea mmoja, na mmea wenyewe ulikuwa lengalenga.

Sikuwakemea. Haki ya kuwakemea niliipoteza zamani, kama mtakavyoona. Lakini tangu siku ile ninabeba neno moja moyoni, na leo nataka kuwaambia bila kuzungukazunguka: tusing'oe wala kuchoma mmea kabla ya kujua jina lake na kazi yake. Watu wanaoyajua majina hayo wanazidi kupungua katika parokia zetu, na sisi tulio na kalamu na daftari hatujaketi chini mbele yao kuwauliza.

Nilipomaliza masomo ya ualimu nilitumwa kufundisha katika shule ya msingi ya kijijini, juu mlimani. Nilikuwa na diploma mpya na ukali mwingi. Sheria yangu ilikuwa kwamba mwanafunzi anayechelewa atapalilia uwanja wa shule kabla ya kuingia darasani. Palikuwa na msichana mmoja wa darasa la nne aliyechelewa karibu kila siku, hata akawa kama mfanyakazi wa kudumu wa uwanja ule. Niligundua kwamba alipalilia polepole kuliko wengine. Majani mengine aliyatupa, mengine aliyakunja katika pindo la kitenge alichojifunga. Asubuhi moja nilimwuliza amebeba nini. Hakujibu. Nilichukua yale majani nikayamwaga njiani, nikasema mbele ya darasa zima kwamba shule si jiko. Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka.

Siku tatu zilizofuata hakuonekana. Siku ya nne nilikwenda kwao, si kwa huruma, bali kwa sababu mkurugenzi wa shule alitaka hesabu ya wanafunzi. Nilimkuta nyanya yake, koko kama tunavyowaita wazee wetu, pamoja na wadogo zake watatu. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba majani niliyoyamwaga yalikuwa mboga yao ya kulia bugali jioni, na kwamba msichana alichelewa kwa sababu kila alfajiri alishuka mtoni kutafuta mengine.

Koko hakunikaripia. Alinipa kiti, akaniacha nipumzike, kisha akaniambia, "Mwalimu, njoo nikuonyeshe." Tuliizunguka nyumba yake, bila kwenda mbali kuliko urefu wa kamba ya kufungia mbuzi. Katika mzunguko ule mdogo alinionyesha mimea kumi na saba, akaitaja yote kwa jina. Huu huliwa ukiwa mchanga tu. Huu huchemshwa, na maji yake ya kwanza humwagwa. Huu ni wa mbuzi. Huu hufukiwa shambani kabla ya kupanda. Huu usiuguse, na mtoto asiukaribie kamwe. Mimi, mwenye diploma, nilijua mitatu.

Nilirudi nimejaa aibu. Msichana akarudi darasani, na sheria ile nikaifuta. Lakini kosa langu kubwa zaidi lilikuwa bado halijatendeka. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na kalamu, koko alikuwa hai tena jirani, nami sikuandika hata jina moja. Nilidhani atakuwapo siku zote. Miaka michache baadaye vita vilitutawanya, na koko akafariki mbali na nyumba yake. Madaftari yangu ya wakati ule yalijaa majina ya ngano, shayiri na miti ya Ulaya, kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa na ndiyo niliyofundisha.

Tuanze basi na neno lenyewe. Kifaransa tulichosomea shuleni huiita mimea hii "majani mabaya". Kiswahili husema "magugu". Lakini hakuna mmea unaozaliwa gugu. Gugu ni jina tunaloupa mmea ulioota mahali ambapo hatukuutaka. Hata muhindi uliojiotea katikati ya bustani ya vitunguu ni gugu machoni pa mwenye vitunguu. Hiyo ni hukumu ya mwenye jembe, na hukumu inaweza kuwa ya haki au ya haraka.

Tazameni lengalenga. Ile ya bustanini mama zetu huifunga mafungu na kuiuza sokoni kwa franka, nasi tunaiita mboga. Ndugu yake wa pori, aliyejiotea nyuma ya kanisa, ni wa jamaa ileile ya mimea, nasi tunamwita gugu. Wataalamu wa lishe wamepima majani ya jamaa hii. Gramu 100 za majani mabichi ya lengalenga zina takriban miligramu 215 za kalisiamu, madini yanayojenga mifupa, na miligramu 2,3 za chuma, madini yanayosaidia damu. Gramu 100 za kabichi, au shu kama wengi wetu tunavyosema, zina takriban miligramu 40 za kalisiamu na nusu miligramu ya chuma. Siidharau kabichi. Nasema tu kwamba mzazi anayekosa franka za kununua shu, huku lengalenga ikichomwa moto mlangoni pake, amekosa mtu wa kumwambia alicho nacho. Na tusisahau desturi ya mama zetu ya kuichemsha na kumwaga maji yake. Majani hayo yana asidi inayozuia mwili kuipokea kalisiamu yote, na maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya asidi hiyo. Hawakusoma kemia, lakini waliifanya.

Tazameni pia ule mmea mdogo unaojaa katika mashamba yetu ya maharagwe na viazi, wenye ua dogo lisilozidi ukucha wa kidole: katikati njano, pembeni petali tano nyeupe, kila petali ina meno matatu. Wanasayansi huuita Galinsoga. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Sisi tunauparua na kuutupa. Huko Kolombia, katika mji wa Bogotá na vijiji vyake, majani yake hukaushwa, huuzwa sokoni, na hutiwa katika mchuzi wao mashuhuri wa kuku na viazi. Bila majani hayo, watu wa Bogotá husema mchuzi huo haujakamilika. Mmea ni uleule. Milima yao na yetu ina baridi inayofanana. Kilichotofautiana ni kwamba kwao mtu alisimama, akaonja, akamfundisha mwanawe.

Baada ya sufuria, twende shambani. Titonia ile ya maua ya njano ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ikasambaa Afrika kama ua la kupendeza na kama uzio. Leo imejaa kandokando ya njia, na wengi huikata kwa hasira. Katika miaka ya 1990 watafiti magharibi mwa Kenya, mahali ambapo udongo umechoka kama ulivyochoka kwenye milima mingi ya Kivu, waliipima. Waliona kwamba majani yake yakikaushwa yana takriban asilimia 3,5 ya naitrojeni, asilimia 0,37 ya fosforasi na asilimia 4,1 ya potasiamu. Hivyo vitatu ndivyo vilivyomo katika mfuko wa mbolea unaouzwa dukani kwa bei ambayo mkulima wetu haifikii. Majani na vijiti laini hukatwa kabla ya kutoa mbegu, hukatwakatwa, hufukiwa katika udongo, na huoza upesi.

Lakini nitasema kweli yote, maana mwalimu asiyesema upungufu wa jambo anauza, hafundishi. Titonia haitengenezi mbolea kutoka hewani kama yafanyavyo maharagwe. Inachukua chakula cha udongo wa kando ya njia na kukileta bustanini mwako. Tena inahitaji mikono mingi, kwa kuwa majani mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na shamba kubwa litataka mizigo isiyohesabika. Kwa hiyo faida yake ni kubwa zaidi katika bustani ndogo ya mboga, karibu na nyumba. Ninyi vijana mnaofanya salongo mna mikono, mna majembe, na parokia ina bustani. Rundo mlilotaka kulichoma lingeweza kuwa karamu ya bustani ile. Mnapolichoma, sehemu kubwa ya naitrojeni yake huondoka na moshi.

Tena kuna jambo la mvua. Uwanja mlioufagia ukabaki mwekundu unapendeza macho Jumapili moja. Mvua za Septemba na Oktoba zinapoanza, maji hayakuti jani la kuyapunguza mwendo, wala mzizi wa kuushika udongo. Watu wa Bukavu hawahitaji kufundishwa habari za mmomonyoko. Wamewazika wapendwa wao waliofunikwa na udongo. Sidai kwamba magugu yatazuia mlima kuporomoka. Nadai kwamba mteremko uliovuliwa nguo zake zote huporomoka upesi kuliko uliofunikwa.

Na simbiliki? Baadhi yenu mnawafuga. Mtoto wa darasa la tano asiye na shamba wala mtaji anaweza kuanza na simbiliki wawili chini ya jiko la mama yake, na baada ya miezi akanunua kalamu na madaftari kwa kuwauza watoto wao. Chakula chao ni nini? Ni majani yaleyale yanayopaliliwa shambani. Kwa mtoto huyo neno "magugu" lina maana nyingine kabisa. Nimewaona watoto wakibishana kando ya njia juu ya nani aliyeuona mmea kwanza.

Sasa nifike kwenye dawa, na hapa nawaomba msikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Mmea uitwao Artemisia annua huota wenyewe sehemu nyingi za China, kandokando ya njia na katika viwanja vilivyoachwa. Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika kwamba majani yake yaliyolowekwa katika maji na kukamuliwa hutuliza homa za vipindi. Karne nyingi baadaye, mwanasayansi mwanamke, Tu Youyou, aliyasoma maandishi hayo ya kale. Akatambua kwamba Ge Hong hakutaja kuchemsha, na kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Alijaribu njia isiyotumia joto kali, na mwaka 1971 akafaulu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa za malaria zinazotolewa leo katika vituo vyetu vya afya, zile zenye artesunate au artemether, chanzo chake ni mmea huo. Karibu kila mmoja wenu amekwisha kupona kwa msaada wa jani la kando ya njia.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Shirika la Afya Duniani, OMS, halipendekezi kutibu malaria kwa chai au unga wa majani ya Artemisia. Kipimo cha dawa ndani ya majani hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na dawa kidogo isiyotosha inaweza kumwacha mgonjwa afe na kuwafundisha vijidudu kustahimili dawa. Tu Youyou hakuishia kwenye kikombe cha chai. Alipima, akakosea, akarudia, akapima tena. Kwa hiyo ninapowaambia muulize jina la mmea, siwaambii muwe waganga. Mtoto akiwa na homa, mpelekeni kituo cha afya.

Najua kuna watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Wa kwanza atasema, "Mwalimu, hicho ni chakula cha maskini." Ndivyo nilivyosema mimi pia kwa mdomo uliocheka mbele ya darasa. Aibu hiyo tumeitengeneza wenyewe. Sombe, inayopewa heshima katika arusi zetu na hata mezani pa Askofu, ni majani ya muhogo, na muhogo wenyewe ulitoka Amerika. Chakula hakizaliwi kikiwa cha maskini wala cha tajiri. Heshima hupewa na wale wanaokila bila kujificha.

Wa pili atasema, "Unawaambia wenye njaa wale majani, ili wakubwa wasiulizwe chochote." Hoja hii inaniumiza, kwa sababu ni ya haki. Njaa ya nchi yetu haitokani na watu kutojua lengalenga. Mkulima anayekimbia risasi hali mavuno yake. Mama aliyenyang'anywa shamba hawezi kulipanda. Barabara mbovu huozesha chakula njiani. Mambo haya yana wenye kuyawajibikia, na Mkristo hana ruhusa ya kunyamaza juu yake kwa sababu amepata mboga nyuma ya kanisa. Lakini kudai haki hakunikatazi kumwonyesha jirani yangu kilichopo mlangoni pake leo jioni. Koko yule alistahili amani, shamba na hospitali. Alipovikosa, ujuzi wake uliwalisha wajukuu wanne. Mimi niliumwaga njiani.

Wa tatu atasema, "Basi tusing'oe kitu chochote?" La hasha. Kuna magugu yaliyo magugu kwelikweli. Kiduha, ule mmea mzuri wa maua ya zambarau, hujishika kwenye mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kumnyonya mwenyeji wake kabla hata hujauona. Ung'oe kabla haujatoa mbegu, wala usiuhurumie. Gugu-maji lililofika katika Mto Kongo miaka ya 1950, ambalo watu wa mtoni waliliita Kongo ya Sika, yaani Kongo Mpya, limeziba njia za mitumbwi na kuwatesa wavuvi. Na juu ya jalala hupenda kuota mnanaha, wenye ua jeupe refu kama tarumbeta na tunda la miiba. Mbegu zake huvuruga akili na zinaweza kuua. Hata mnavu, ambao majani yake machanga ni mboga njema yakipikwa, matunda yake mabichi ni sumu. Ndiyo sababu nasisitiza jina. Asiyejua majina atachoma kilicho chema, na siku ya njaa atakula kilicho kibaya. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja.

Ninyi mnaojua Injili mmekwisha kuukumbuka mfano wa magugu katika ngano, sura ya 13 ya Mathayo. Sitaki kuupotosha: Bwana wetu alikuwa akisema juu ya watu na hukumu ya mwisho, wala hakuwa akifundisha kilimo. Tena katika mfano ule gugu ni gugu kweli. Adui ndiye aliyelipanda. Wataalamu wengi wa Maandiko hudhani ni ule mmea unaofanana na ngano mpaka masuke yatokeze. Lakini tazameni kilichomtia hofu mwenye shamba. Hakuogopa magugu. Aliogopa haraka ya watumishi wake, waliokuwa tayari kung'oa kabla ya kuweza kupambanua. Bidii walikuwa nayo. Macho ya kutofautisha hawakuwa nayo bado. Nimeufundisha mfano huu kwa miaka mingi, na kila mara niliwaona watumishi wale kuwa watu wengine. Siku ile nyuma ya kanisa niliwatambua: ni mimi na fimbo yangu, mbele ya msichana mwenye majani katika pindo la kitenge.

Na kama mwataka mfano wa mtakatifu, tunaye. Thoma wa Celano, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Fransisko katika karne ya 13, anasimulia kwamba Fransisko alimwagiza ndugu mtunza bustani asiilime bustani yote, bali aache sehemu yake ili majani na maua ya pori yaote yenyewe. Papa Fransisko aliikumbuka habari hiyo katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015. Ndugu wale walikuwa maskini, walihitaji kila kipande cha bustani, na bado sehemu iliachwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo, nayo ni madogo makusudi, ili yasipate udhuru wa kuahirishwa.

Kabla ya kila salongo, tenga nusu saa ya kuchagua. Badala ya rundo moja pawe na marundo matatu: la kuliwa na watu au wanyama, la kufukiwa bustanini, na la kuharibiwa. Mmea ambao hakuna anayeujua usiingie katika rundo la kuliwa. Uwekwe kando mpaka ujulikane.

Katika kila shirika, mmoja wenu amtembelee mzee mmoja kwa mwezi, akiwa na daftari. Aandike jina la mmea katika lugha ya nyumbani, iwe Mashi, Kihavu, Kirega, Kifuliiru au nyingine, kisha katika Kiswahili. Mwalimu wa biolojia wa shule ya jirani atatusaidia kupata jina la kisayansi, maana jina moja la nyumbani huweza kuitwa mimea miwili kutoka kijiji hadi kijiji. Aandike sehemu inayotumika, umri wa mmea, namna ya kupika, na hatari yake. Asiandike kwamba mmea unaliwa mpaka wazee wawili wasioishi pamoja wamekubaliana. Waliokimbia vita na kukaa katikati yetu waulizwe pia, kwa kuwa wamebeba majina ya milima ambayo sisi hatujapanda.

Mboga ya pori isichumwe kwenye jalala, kando ya mfereji wa maji machafu, wala katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu. Na mahali inapochumwa, iachwe mingine itoe mbegu.

Mwisho, naomba parokia ituachie kipembe kimoja cha uwanja wake, kisichofagiwa. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wapelekwe pale, wafundishwe majina.

Yule msichana wa darasa la nne leo ni mama wa watoto, naye huuza mboga sokoni. Nimempita mara nyingi, akinisalimu, "Jambo, Mwalimu," nami nikiitika na kupita upesi. Baada ya salongo ile nilikwenda kwake nikaketi kwenye kigoda kando ya mafungu yake ya lengalenga. Nilimwomba radhi kwa yale majani. Alicheka kidogo, akasema alikwisha kuyasahau, lakini alikuwa akiangalia chini. Kisha nikamwomba anitajie ile mimea kumi na saba ya koko wake. Alihesabu kwa vidole huku akiwahudumia wateja. Alifika tisa. Minane mingine hakuikumbuka, na hakuna tena wa kumwuliza.

Majina hayo tisa yako katika daftari la kijani, ofisini kwa parokia, ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili haujaandikwa kitu.